Athieno Yupi?

Juzi nilialikwa arusini Busia, upande wa Kenya. Nilipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikawakuta akina mama wanapika maharagwe kwenye sufuria kubwa, yale ya shughuli, na maharagwe yenyewe yalikuwa yameanza kushika chini. Walikuwa wakilaumiana nani aliyesahau kukoroga. Mimi nilibaki nimesimama pale na mikono yangu ya kunata, navuta harufu ile, mpaka mmoja wao akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia natafuta maji tu. Lakini wewe uliyesoma shule kubwa ya bweni unajua nilikuwa wapi wakati ule. Maharagwe yaliyoungua kidogo na posho, ugali wetu wa shule, iliyokatwa kwa sahani, ndivyo vilivyonikuza.

Shule yenyewe sitaitaja. Ilikuwa Tororo, upande wa Uganda, na ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukichelewa kidogo kwenye foleni ya chakula, unafika mbele wakati wa kurudi darasani. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, na wale wa madarasa ya mbali, kule upande wa bustani ya mboga, hawakuisikia. Walitazama tu wenzao wanakimbia, nao wakakimbia.

Mimi nilitoka Mulanda. Shule yetu ya msingi ilikuwa na madarasa machache na Mwalimu Ochwo, ambaye alimjua kila mtoto, bibi yake, na ng'ombe wao kwa rangi. Ukikosa shule, jioni anapita kwenu na baiskeli. Ukiwa na jipu, analiona kabla hujaketi. Na mimi alijua nina kigugumizi. Tulipokuwa tunasoma kwa sauti, kila mtoto mstari wake, zamu yangu ikifika mwalimu alisema kwa upole, "Athieno amesoma kwa moyo. Anayefuata." Hakuna aliyecheka, maana kijiji kizima kilikwisha nizoea. Nilimpenda sana mwalimu yule. Ni baada ya miaka mingi ndipo nilipotambua kwamba nilimaliza shule ya msingi bila kusoma hata mstari mmoja kwa sauti.

Nyumbani walinipenda kwa njia hiyo hiyo. Nikikwama kwenye neno, mtu alinimalizia, na hakuna aliyekuwa na mbio kama baba. Ilikuwa ni huruma. Alishindwa kunitazama nikihangaika. Siku moja nilikimbia kutoka malishoni nikamwambia, "Baba, ng'ombe a... a..." Akasema, "Amekata kamba!" akachukua kamba nyingine akatoka mbio. Nilitaka kusema amezaa. Akafika akamkuta ndama anajaribu kusimama, naye ana kamba mkononi. Tulicheka wote jioni ile, na mimi nilicheka. Lakini nilikuwa mtoto wa kwanza kuona ndama yule, na habari yake sikuisema mimi.

Baba alinipeleka Tororo kwa boda boda, sanduku la bati mbele ya dereva, godoro limefungwa nyuma, sisi wawili katikati. Jiwe kubwa la Tororo tulianza kuliona mbali, limesimama peke yake, na kila tukikaribia nilijiona nazidi kuwa mdogo. Alinishusha, akanishika kichwa, akaondoka upesi nisimwone macho.

Kesho yake asubuhi tukaitwa uwanjani, na hapo nilifanya kosa ambalo mpaka leo linanichekesha. Nilipowaona wanafunzi wamejaa kutoka mlingoti wa bendera hadi kwenye uzio, na wengine bado wanamiminika kutoka mabwenini na getini, nilijua hii lazima ni siku ya michezo. Shule zote za wilaya zimealikwa. Nikashangaa kidogo kwamba wote wamevaa sare kama yetu, lakini nikasema labda ndiyo desturi ya mjini. Nikatulia, nikangoja wageni waende kwao ili shule yetu ibaki. Mchana hawakuondoka. Jioni nikawaona wako kwenye foleni na sahani zao. Ndipo nikaelewa kwamba hawa wote ndio sisi, na nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Darasani tulikaa watatu kwenye deski la wawili. Mwalimu akitaka mtu ajibu, alinyoosha chaki akasema, "Wewe mwenye sweta," na sote tulikuwa na sweta. Majina hakuyajua, na angeyajua yasingemsaidia, kwa sababu Athieno ni jina la kila msichana wa kwetu, sisi tunaosema Kipadhola, aliyezaliwa usiku, na inaonekana wengi wetu tulichagua usiku. Mwanzoni iliniuma. Halafu, polepole, nikaanza kuipenda. Muhula ulisonga na hakuna mtu aliyeniuliza swali. Nilijificha katikati ya watu, na hakuna aliyejua nina nini mdomoni.

Jirani yangu wa deski aliitwa Zulfa. Alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya Waislamu wenye malori; babu mmoja alitoka pwani, mwingine Sudani, na bibi yao alikuwa Msamia, kwa hiyo nyumbani kwao kila mtu aliongea kwa namna yake na wote kwa wakati mmoja. Zulfa alikuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Alinisukuma kwa kiwiko siku nzima ili apate pa kukaa, na aliongea bila kituo, na mimi niliamini kabisa kwamba ananichukia.

Siku niliyojua sivyo, kalamu yangu ilikuwa imekwisha wino. Nilitazama huku na huku, nikaona nitalazimika kusema.

"Nipe ka... ka..."

"Karatasi?" akauliza Zulfa.

Nikatikisa kichwa. "Ka... ka..."

"Kamba?" Akamgeukia yule wa tatu wetu, msichana wa Kiteso. "Huyu anataka kitu, jina la Kiswahili limempotea. Kwenu kinaitwaje kitu kinachoanza na ka?"

"Kabeji," akasema yule Mteso, kwa makini kabisa.

Wakacheka, na mimi kicheko kikanifungua koo. "Kalamu!"

Wakanipigia makofi kama timu imefunga bao. Zulfa akanipa kalamu yake akasema, "Usione haya. Hata mimi Kiingereza kinanitoroka hivyo hivyo."

Nilikaa na kalamu ile mkononi nisiandike chochote. Walidhani natafuta neno! Na kwa nini wasidhani hivyo? Pale kila mtu alikuwa anatafuta neno. Wasamia walilitafuta, Wateso walilitafuta, waliotoka Buganda Kiswahili kiliwavunjikia katikati ya sentensi, waliovuka kutoka Kenya walichanganya na Sheng na wakaulizwa maana. Mtu alisimama katikati ya habari yake na kupiga vidole hewani, na wenzake wakamngoja, au wakamtupia maneno ya lugha nne achague. Kwetu mimi peke yangu ndiye niliyekwama. Huku kila mtu alikwama. Nikaanza kuongea. Sikupona, lakini niliongea. Kwenye foleni, bombani, kwenye deski. Nilijuana na watu wa vijiji ambavyo baba hajawahi kufika. Niliongea mpaka Zulfa akaanza kuniambia ninyamaze na yeye aseme.

Halafu kulikuwa na maabara. Shule ndogo ya sekondari ya karibu na kwetu haikuwa nayo. Yetu ilikuwa na hadubini, na ingawa tulipanga foleni mpaka ukutani, zamu yangu ilifika. Nilitazama ganda la kitunguu. Kitunguu! Kitu ninachokikata kila jioni nikilia, kumbe ndani yake kuna vyumba vimepangwa safi, kimoja baada ya kingine, kama mabweni yetu. Aliyekuwa nyuma yangu ilibidi anivute sweta.

Lakini ukubwa ule ulikuwa na upande wake mwingine, na ulinikuta nikiwa nimelala.

Niliamka na malaria. Wenzangu wa bweni walitoka mbio kama kila siku, gizagiza, kila mmoja na ndoo yake, na aliyelala kitanda cha juu yangu alidhani nimekwisha tangulia. Nilijaribu kuita. Ulimi wangu ulivyo, na homa ile, neno halikutoka. Jua likapanda, mabati ya paa yakaanza kulia kwa joto. Nilisikia kipande cha reli kikigongwa, nikasikia kelele za mapumziko, nikasikia nyimbo za darasa la muziki, maisha yote ya shule yakipita nje ya dirisha. Nilikuwa na hakika kwamba mtu atakuja, kwa sababu darasani jina langu litaitwa na nitakosekana. Kumbe jina liliitwa, na Athieno mwingine akaitika.

Hapo nilimkumbuka Mwalimu Ochwo na baiskeli yake. Nililia kwa ajili ya baiskeli ile.

Aliyekuja ni Zulfa, na yeye hakuruhusiwa kabisa kuingia mabwenini kwa kuwa hakuwa wa bweni. Nilifungua macho nikamwona amesimama juu yangu, viatu mkononi ili asisikike.

"Leo nimekaa vizuri," akasema. "Nimekaa vizuri asubuhi yote, matako yote mawili kwenye deski. Saa ya hesabu nikajiuliza, mbona leo nimekaa vizuri hivi?" Akanishika paji la uso, akaruka. "Wee! Mtoto anaungua!"

Akatoka mbio akimwita matroni kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni, wala hakukumbuka tena kwamba amejificha. Nilipelekwa zahanati, nikachomwa sindano, nikapona. Matroni alimgombeza Zulfa kwa kuingia bwenini, kisha, jioni, akampa chai ya maziwa.

Habari ilifika Mulanda ikiwa imeongezwa chumvi. Mtu wa kwetu aliyekuja soko la Tororo aliisikia kwa mtu, akampelekea baba hivi: mtoto wako alikuwa anakufa na shule haikujua kama yupo. Baba aliacha jembe shambani.

Alipofika getini alimwambia askari anamtaka Athieno.

"Athieno yupi, mzee?" askari akamuuliza. "Hapa Athieno ni wengi."

"Athieno yangu! Ile mwembamba!"

Askari, naye alitaka kusaidia, akamtuma mtu apige kelele uwanjani kwamba Athieno ana mgeni. Wakaja. Walikuja kundi zima, wanakimbia, maana mgeni ni karanga, mgeni ni ndizi za kuchoma. Wanene, wembamba, wa kidato cha juu wenye vifua, wote ni Athieno, wakamzunguka baba wakimtazama mikono kama imebeba kitu. Mmoja mchokozi akapiga magoti akasema, "Karibu, baba. Mimi pia ni Athieno, na sina mtu wa kunitembelea." Baba aliwatazama usoni mmoja mmoja, na mtoto wake hayumo. Mimi nilikuwa nyuma, bado sina nguvu, natembea huku nimemshikilia Zulfa. Nilimwona kabla hajaniona. Sijawahi kumwona baba na sura ile, si kabla wala baadaye.

Tuliketi kwenye ngazi za maabara. Alinishika mkono akaupima kwa vidole vyake kama anavyopima ndama. Kwa kuwa Zulfa alikuwepo, alizungumza Kiswahili, kile cha minadani, anachouzia ng'ombe mpakani.

"Kusanya vitu yako," akasema. "Tunakwenda nyumbani. Pale kwetu iko shule ndogo, utatembea kwa miguu, watu wanakujua. Hii hapana shule. Hii ni soko. Mtu napotea ndani na hakuna anauliza."

Hakuwa amekosea. Hilo ndilo lililonitesa. Angekuwa amekosea ningelia tu, na angenielewa. Lakini nilikwisha lala pale chini ya mabati, najua anachosema ni kweli kuliko anavyojua yeye, na bado sikutaka kuondoka.

"Baba, mimi na-nataka ku... ku..."

"Kurudi," akasema. "Najua, mama. Ndiyo nimekuja."

Nikatikisa kichwa. "Ku... ku..."

"Kupumzika. Utapumzika nyumbani."

"Ku..."

"Kula? Mama yako nachinja kuku."

Nilihisi lile neno limesimama mlangoni na kila mara linasukumwa ndani. Machozi yakaanza. Baba alipoyaona akazidisha haraka, akainuka kabisa, akaanza kumtafuta kwa macho dereva wake wa boda boda aliyekuwa anangoja nje ya geti.

Ndipo Zulfa akapiga magoti kwenye saruji mbele yake.

"Baba, nisamehe sana," akasema. "Anatafuta neno. Huwa anachelewa kidogo, lakini ukimngoja analipata. Sisi huwa tunamngoja."

Baba alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Yeye alijua mimi sitafuti neno lolote. Alikijua kigugumizi changu tangu siku kilipoanza, alinipeleka kwa waganga, kwa padri, kwa daktari wa meno. Nikaona amefungua mdomo kumweleza yule mtoto wa watu ukweli, tena kwa nia njema kabisa, na nikajua akisema tu, nimekwisha. Hata nikibaki hapa, nitakuwa tena Athieno wa Mulanda anayesoma kwa moyo.

"Huyu mtoto..." akaanza.

Akaufunga mdomo wake. Akaketi tena kwenye ngazi, taratibu, akaweka mikono juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Tafuta."

Sijui nilikaa kiasi gani. Najua darasa la juu lilikuwa linasoma shairi kwa pamoja, na lilikwisha, na likaanza tena. Najua midomo ya baba ilikuwa ikitikisika, inataka kunisaidia, naye anaibana.

"Ku-ba-ki," nikasema.

Alingoja, kana kwamba anajua kuna mengine, na kweli yalikuwepo. Nikamweleza habari ya kitunguu. Nikamweleza habari ya kalamu na kabeji, nikamweleza kwamba hapa watu wananisikiliza mpaka mwisho. Ilichukua muda mrefu. Dereva wa boda boda alipiga honi nje ya geti, akapiga tena. Baba akanyanyua kiganja kumtuliza bila kugeuza kichwa.

Nilipomaliza akauliza jambo moja tu. "Na ukiugua tena?"

Nilianza kujibu, lakini hilo Zulfa hakuweza kulingoja. "Mimi nitajua, baba," akasema. "Nitakuwa nimekaa vizuri."

Baba hakuelewa, na alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Akampa Zulfa zile karanga alizokuwa ameziweka mfukoni kwa ajili yangu.

Nilibaki miaka yote. Shule iliendelea kunichanganya na wengine. Niliwahi kupewa adhabu ya Athieno mmoja na zawadi ya Athieno mwingine, na zawadi sikuirudisha upesi. Kuna walimu walionifundisha muda mrefu ambao leo tukipishana barabarani hawanijui. Hilo bado lina uchungu wake. Leo nafanya kazi maabara, na binti yangu anamaliza shule ya msingi, na mume wangu anataka apelekwe shule ndogo yenye watu wanaomjua. Mimi namwambia nitamuuliza mtoto mwenyewe, lakini kwanza nataka kujua nani atakaa naye deski moja. Ukweli wa ulimi wangu nilimwambia Zulfa tulipokuwa watu wazima, dukani kwake. Aliacha wateja wangoje, kisha akasema, "Miaka yote ile mimi nilidhani Kipadhola ni lugha ngumu sana."

Mama ndiye aliyenisimulia jinsi baba alivyofika nyumbani siku ile. Kuku alikuwa jikoni, kitanda changu kimetandikwa. Alipomwona anashuka kwenye boda boda peke yake aliogopa, akamuuliza mtoto yuko wapi, wamekukatalia? Baba akamjibu hapana, anabaki. Mama akauliza nani kasema hivyo, walimu?

"Athieno," akasema baba. "Ameniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, neno lote."

Na wiki nzima ile, mama alisema, baba alikwenda na habari hiyo senta, kule madukani, akawa anawasimulia hata watu waliokuja kuulizia mihogo.